Mgongo wa Sibila na Vumbi la Pasteli

Pasteli ni rangi ambayo haikuacha kuwa vumbi. Unga wa rangi husagwa, ukachanganywa na chaki au udongo mweupe pamoja na gundi kidogo sana, kisha hufinyangwa kuwa vijiti na kukaushwa. Gundi ikipungua, kijiti huwa laini na rangi hukolea. Ikizidi, kijiti huwa kigumu na kufaa kwa mistari myembamba. Humo hamna mafuta ya kukauka wala maji ya kuzama. Kinachoishika rangi ni ukwaru wa karatasi peke yake: punje hujibana katika vishimo vidogo na kukaa humo mpaka kitu kizipitie. Katika nyumba ya mwanafunzi wa kawaida, kitu hicho huwa ni kiganja chake mwenyewe, mkono wa shati, upepo wa feni, chafya, au shangazi aliyeambiwa asiguse na kwa hiyo akaona hana budi kuhakikisha. Ajali nyingi za anayejifunza pasteli zina asili moja: amesahau kwamba anachora kwa vumbi, akadhani anapaka rangi.

Njia kongwe ya kujifunza ufundi huu ni kunakili mchoro wa bingwa wa zamani, hasa mchoro wa mwili wa binadamu. Anayenakili hukuta maamuzi magumu yameshafanywa: mkao umechaguliwa, upande wa mwanga unajulikana, na mahali pa kuishia pameonyeshwa. Modeli haombi mapumziko wala nauli. Ubaya wa njia hii unatoka hapo hapo. Nakala ikiharibika hakuna wa kulaumiwa, maana modeli hakutikisika na jua halikuhama. Kila kilichopinda kimepindishwa na mkono mmoja unaojulikana.

Waliopita njia hii ni wengi. Rubens, aliyekwenda Italia mwaka 1600 na kukaa huko hadi 1608, alinakili kazi za Michelangelo. Degas, ambaye baadaye angekuwa bingwa mkubwa wa pasteli, alijiandikisha kunakili katika jumba la Louvre, Paris, mwaka 1853, hajatimiza miaka 19. Michelangelo mwenyewe alianza hivyo. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia katika karne ya 16, anasimulia kwamba kijana huyo alinakili michoro ya wazee, akaitia moshi karatasi ionekane kuukuu, kisha akawarudishia wenyewe nakala na kubaki na michoro ya asili. Mwanafunzi wa leo hana haja ya kuonywa juu ya kishawishi hicho. Nakala zake za kwanza hazina wa kurudishiwa.

Mchoro unaofaa sana kwa zoezi hili ni karatasi ya Michelangelo ya masomo ya Sibila wa Libya, ya miaka ya 1510 hadi 1511 hivi, ambayo tangu 1924 imo katika Metropolitan Museum of Art, New York. Masibila walikuwa wanawake watabiri katika masimulizi ya kale ya Wagiriki na Warumi, na Michelangelo aliwachora watano kwenye dari la kanisa dogo la Sistine, Vatikani, alilolipaka kati ya 1508 na 1512. Darini Sibila huyo amevaa mavazi yake na ameshika kitabu kikubwa kilichofunguliwa. Kwenye karatasi ya maandalizi, hata hivyo, aliyekaa mbele ya mchoraji alikuwa kijana wa kiume, mgongo wazi, mikono imetanda, kichwa kimegeuzwa na macho yakitazama chini. Pembeni mwa karatasi Michelangelo alirudia kichwa, mkono, na vidole vya mguu. Vipimo vyake ni sentimita 28.9 kwa 21.4, karibu sawa kabisa na karatasi ya A4, kwa hiyo chapa yake yaweza kuwekwa mezani kwa ukubwa ule ule alioushika bingwa. Vasari anaeleza pia kwamba kabla ya kufa, mwaka 1564, Michelangelo alichoma michoro yake mingi ili watu wasione jinsi alivyohangaika. Katika hili mwanafunzi ana ruhusa kamili ya kumuiga.

Mchoro wenyewe ni wa chaki nyekundu, udongo wenye madini ya chuma uliochimbwa ardhini na kukatwa vipande. Pasteli za jamii hiyo ya rangi hufanya kazi ile ile, ila ni laini zaidi na humwaga vumbi zaidi. Mwanafunzi anahitaji vijiti vichache tu: chekundu cha udongo, cha kahawia iliyoiva, cha manjano ya udongo, na cheupe, pamoja na penseli moja ya pasteli kwa mistari ya mwanzo. Mchagua jembe si mkulima, lakini dukani watu hulisahau neno hilo mbele ya sanduku la rangi 72. Wananunua sanduku zima, wanalifungua nyumbani kwa heshima kubwa, na baada ya mwezi vijiti vinne vimekwisha huku 68 vikiwa bado na nembo zake, buluu tisa zikimsubiri Sibila ambaye hana hata uzi wa buluu.

Kosa la gharama zaidi ni kununua pasteli za mafuta. Hizi hukaa rafu moja na pasteli kavu, sanduku linafanana, na bei yake inapendeza. Zimetengenezwa kwa nta na mafuta, hazitoi vumbi, na hazikubali kutandazwa kwa kusugua kwa namna inayoelezwa katika mafunzo ya pasteli kavu. Mwanafunzi asiyejua tofauti husugua mchana kutwa, akapata joto la kidole na mng'ao wa mafuta. Chaki za ubaoni nazo hazisaidii. Rangi iliyomo ndani yake ni kidogo mno, na mgongo wa Sibila hubaki umepauka hata ukichorwa kwa bidii gani.

Karatasi ina kanuni moja: iwe na ukwaru. Karatasi laini ya kuchapia haina mahali pa kulishikilia vumbi, na mchoro huteremka wote hadi chini ya meza. Karatasi ya khaki, ile ya kufunikia madaftari, inafaa kwa mazoezi kwa sababu ina ukwaru kiasi na rangi ya katikati, ingawa hugeuka na kukatika kadiri miaka inavyopita. Wanaonunua karatasi maalumu kama Canson Mi-Teintes wakumbuke kuwa ina pande mbili zisizofanana: upande mmoja una vishimo vilivyopangika wazi, wa pili ni laini zaidi. Asiyegeuza karatasi huchora ngozi yenye madoadoa yenye nidhamu ya kijeshi, kisha hulaumu kijiti.

Hatua ya kwanza ya kazi ni vipimo. Chapa ya mchoro hugawanywa kwa miraba, karatasi ya nakala hugawanywa vivyo hivyo, na kila kilichomo ndani ya mraba mmoja huhamishiwa mraba wake. Miraba ya nakala ichorwe kwa penseli ya pasteli, kwa mkono mwepesi. Penseli ya kawaida ya risasi huacha utelezi unaoikataa pasteli. Mistari yake hujitokeza ikimetameta katikati ya ngozi, na Sibila huonekana amefungwa nyuma ya wavu wa dirisha. Ubao usimame wima au uinamishwe kidogo tu, ili vumbi lidondoke badala ya kutulia juu ya kazi. Chini yake hukunjwa karatasi kuwa mfereji wa kulipokea. Asiyeweka mfereji huo atajua rangi ya vumbi lake kwa kuangalia soksi.

Hapa ndipo jicho linapomsaliti mwenyewe. Mtu hachori anachokiona, huchora anachokijua. Anajua kwamba uti wa mgongo umenyooka, kwa hiyo anaunyoosha, ingawa uzuri wote wa mchoro huu umo katika kupinda kwake. Anajua kwamba mabega mawili yana urefu sawa, kwa hiyo anayasawazisha, na msokoto wa mwili unakufa palepale. Anajua kwamba kichwa ni kitu cha maana, kwa hiyo anakiongezea ukubwa kwa heshima. Dawa yake ni kuacha kutazama mwili na kutazama nafasi tupu: pembetatu iliyo kati ya mkono na shavu, pengo la chini ya kwapa. Nafasi tupu haina jina wala hadhi, ndiyo maana jicho haliidanganyi. Dawa ya pili ni kugeuza chapa na nakala juu chini na kuendelea kuchora. Ni dawa nzuri, mradi zigeuzwe zote mbili. Anayegeuza moja tu hugundua jioni kwamba kichwa kinaota nyongani.

Vipimo visahihishwe kabla ya kivuli chochote kuingia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika pasteli ukuta wenyewe hauna saruji: karatasi ikishajaa vumbi haipokei tena, na bega lililokaa pabaya haling'oki bila kung'oa na karatasi.

Wakati huu wa mistari mitupu ndio pia wakati ambapo wanaukoo huanza kutoa maoni. Mchoro wa mgongo wazi uliosimamishwa sebuleni hauwezi kupitwa kimya. Bibi mwenye nyumba husimama mbele yake, akauliza:

"Mjukuu wangu, mbona huyu katupa mgongo? Hata salamu hana?"

"Ni mwanamke mtabiri, bibi."

"Mwanamke? Huyu anapakua magunia bandarini."

Bibi huyo hajasoma historia ya sanaa, lakini ameona sawasawa. Mabega yale ni ya kijana wa kiume, na darini yalibaki mapana vilevile hata baada ya kuvikwa nguo za kike. Anayenakili asijaribu kuyarekebisha ili kumridhisha mtazamaji. Kazi yake ni kunakili, si kusahihisha.

Baada ya mistari huja kivuli, na ufundi wa kwanza wa kivuli ni mistari sambamba. Michelangelo hakufunika misuli kwa rangi bapa. Aliweka mistari mingi ya karibukaribu inayofuata mviringo wa mwili, ikazunguka mbavu, ikapanda kombe la bega, ikaingia bonde la uti wa mgongo. Mstari wa namna hiyo hufanya kazi mbili kwa pamoja: unatia giza, na unaonyesha uso wa mwili umeelekea wapi. Mwanafunzi huelewa kazi ya kwanza na kuisahau ya pili. Mistari yake yote huelekea upande mmoja, ule ambao mkono wake unapenda, na mgongo wenye misuli kumi hugeuka ukuta uliolowa mvua ya upepo. Hapo inafaa kuzungusha karatasi ili kiwiko kipate nafasi ya kupinda, au kuzungusha kiti karatasi ikikataa.

Ufundi wa pili ni kutandaza, yaani kusugua vumbi ili mipaka ya mwanga na kivuli iyeyukie kila mmoja ndani ya mwenzake. Una utamu wake, na ndiyo sababu una hatari. Kidole kikishaonja raha ya kulainisha hakisimami: kinalainisha bega, kinalainisha kiuno, kinalainisha na mfupa uliotakiwa kuwa na ukingo. Mwisho misuli yote huumuka kama maandazi, na mtabiri wa Libya hana hata ubavu mmoja. Zaidi ya hayo, kidole kina mafuta ya ngozi, na mafuta hayo huziba vishimo vya karatasi hata rangi inayofuata iteleze. Chombo bora ni kijiti cha karatasi iliyosokotwa, au kipande cha kitambaa laini, na kanuni bora ni kutandaza tabaka la chini tu kisha kurudisha mistari juu yake. Mwili hupata uhai pale ukingo mkali unapokutana na ukingo uliofifia. Ukingo wa aina moja mwili mzima huchosha.

Mpangilio wa tabaka ni huu: vijiti vigumu kwanza, laini baadaye, giza kwanza, mwanga mwishoni. Rangi ya karatasi yenyewe ni sehemu ya kazi, kwa kuwa ndiyo inayosimama kati ya kivuli na mwanga, na sehemu kubwa ya mgongo inatakiwa iachwe bila kuguswa. Kuacha bila kugusa ndilo jambo gumu kuliko yote kwa mtu aliyenunua rangi 72. Kijiti cheupe hasa ni mtihani. Katika mchoro wa Michelangelo, nyeupe imewekwa kidogo tu, kwenye bega la kushoto. Mwanafunzi huanza na bega hilo, akaona limeng'aa vizuri, akaliongezea la pili ili lisione wivu, akashuka mbavuni, na kwa kuwa chini yake kuna vumbi jekundu, nyeupe yote ikageuka waridi. Sibila wa waridi si kosa la rangi. Ni kosa la saa: nyeupe iliwekwa mapema, mahali ambapo nyekundu ilikwishapita. Itumike mwisho, kwenye karatasi tupu, na kwa ubahili.

Makosa yanapotokea huja suala la kufuta. Raba ya kawaida ya shuleni husukuma vumbi ndani zaidi na kuacha doa lenye mng'ao. Raba laini ya kufinyanga hubonyezwa na kuinuliwa, haisuguliwi, na brashi ngumu kidogo huondoa tabaka zima likizidi. Kabla mpira haujaanza kutumika hivyo mwishoni mwa karne ya 18, wachoraji wa Ulaya walifuta kwa nyama ya mkate. Njia hiyo bado inafanya kazi, kwa masharti mawili: mkate usiwe na siagi, kwa sababu siagi hubaki kwenye karatasi milele, na makombo yaondolewe yote kabla ya kulala. Anayepuuza sharti la pili hukuta asubuhi msafara wa sisimizi umepita kwenye uti wa mgongo kutoka shingoni hadi nyongani, umetawanya vumbi jekundu kila upande. Ajabu ni kwamba wao wamefuata mpindo halisi wa mgongo kuliko mwenye mchoro.

Vumbi lililozidi lisipulizwe kwa mdomo. Likipulizwa huruka hewani na kurudi puani, na chafya inayofuata hukamilisha uharibifu. Vijiti vyekundu vya udongo si sumu, lakini baadhi ya rangi nyingine zina kadimiamu au kobalti, na hakuna vumbi lolote lililoumbiwa mapafu. Ubao upelekwe nje na kugongwa kwa nyuma, sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa, na chai ikae mbali. Chai ya maziwa iliyowekwa chini ya ubao hugeuka chai ya rangi bila kuombwa. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam kuna tatizo la ziada: feni ikiwaka vumbi linaruka, ikizimwa jasho linadondoka, na tone moja la jasho juu ya pasteli huacha doa jeusi lisilosikia dawa. Suluhisho ni kuielekeza feni miguuni, kufunga kitambaa kwenye paji la uso, na kuegemeza mkono juu ya fimbo iliyolazwa kati ya kingo mbili za ubao ili kiganja kisiguse kazi.

Wapo wanaotaka kumaliza wasiwasi wote kwa kupuliza dawa ya kugandisha. Dawa hiyo ni utomvu ulioyeyushwa katika kiyeyushi kinachoruka upesi, na inashika vumbi kweli, lakini kwa malipo: rangi hukolea giza, na nyeupe hufifia au kutoweka. Kwa hiyo hupulizwa kidogokidogo, nje ya nyumba, kutoka mbali, kati ya tabaka moja na jingine, na nyeupe huwekwa baada ya mpulizo wa mwisho. Degas aliweka tabaka juu ya tabaka kwa njia hiyo, akitumia mchanganyiko aliopewa na rafiki yake Mwitalia, mchoraji Luigi Chialiva. Dawa ya kupulizia nywele ni mbadala wa bei nafuu unaogeuka manjano kadiri siku zinavyokwenda. Kopo la dawa ya mbu si mbadala hata kidogo, ila hukaa rafu ile ile, lina umbo lile lile, na hunyakuliwa na mtu yule yule mwenye haraka. Mafuta yake huacha madoa, na faida pekee ni kwamba Sibila hatasumbuliwa na malaria.

Kazi iliyokwisha haikunjwi kuwa bomba. Hufunikwa kwa karatasi laini isiyonyonya, ikalazwa bapa, au hutiwa ndani ya fremu yenye kioo. Kioo kisiguse mchoro; huwekwa ukingo wa kadi kati yao. Plastiki angavu haifai kwa fremu hii, kwa sababu hujaa umeme tuli na kuvuta vumbi litoke kwenye karatasi. Ikitunzwa hivyo, pasteli hudumu. Msichana wa Chokoleti wa Jean-Étienne Liotard, aliyechorwa kwa pasteli juu ya ngozi katika miaka ya 1740, yupo hadi leo Dresden, Ujerumani, na rangi zake hazijageuka manjano, kwa kuwa hazina mafuta ya kugeuka.

Linabaki suala la lini kuacha. Maurice-Quentin de La Tour, bingwa wa pasteli wa Ufaransa wa karne ya 18, uzeeni alirudia rudia picha zake za zamani kwa nia ya kuziboresha na baadhi akaziharibu. Dalili za wakati wa kuacha ni mbili: karatasi haipokei tena vumbi, na kila mguso mpya unafuta mzuri wa awali. Nakala ikishafika hapo, huwekwa mbele ya kioo cha kujitazamia pamoja na chapa ya asili. Zikiwa zimegeuzwa kushoto kulia, makosa ya vipimo yaliyozoeleka hujitokeza, nayo huandikwa nyuma ya karatasi kwa ajili ya zoezi linalofuata. Mbele huandikwa jina la aliyenakili, likifuatwa na maneno "kwa kufuata Michelangelo". Jina la bingwa peke yake haliandikwi. Louvre huwataka wanaonakili humo watumie kipimo tofauti na cha kazi ya asili na wasiige saini, ili nakala isije ikauzwa kwa jina la mwingine. Zoezi linalofuata halihitaji mwili mzima: vidole vile vya mguu vilivyo pembeni mwa karatasi, vilivyomlazimu Michelangelo mwenyewe kuvirudia, vinatosha.